Kasongo–Kindu: ni kilometa ngapi, na ni dakika ngapi kwa ndege?

Toka Kasongo mpaka Kindu, ndege ndogo inaruka dakika 45 hivi. Kwa barabara ni kilometa 240, na hapo hakuna mtu anayeweza kukuapia saa ya kufika. Kati ya majibu hayo mawili, kila mkaaji wa kusini mwa Maniema anapaswa kuchagua siku akiwa na mgonjwa, na mtoto wa kwenda masomoni, ama na mizigo ya kuuza. Hii hapa hesabu ya umbali na muda, na namna ya kuipima wewe mwenyewe mbele ya kutoa franga zako.

Kwa kifupi

– Umbali wa moja kwa moja hewani, mji kwa mji: karibu kilometa 185.
– Umbali wa barabara: karibu kilometa 240.
– Muda wa ndege ndogo angani: dakika 40 hadi 50.
– Muda wa pikipiki wakati wa kiangazi: siku moja ndefu ama mbili. Wakati wa mvua: hesabu tatu au zaidi.
– Muda wa baiskeli ya mizigo: karibu juma moja.
– Saa: Kasongo na Kindu zinatumia saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja.

Kwa nini 185 kwa huyu na 240 kwa yule?

Watu wawili wanaweza kubishana sokoni juu ya umbali wa Kindu, na wote wawili wakawa na haki. Mmoja anahesabu njia ya ndege, mwingine anahesabu njia ya moto.

Njia ya ndege ni mstari ulionyooka. Ukitazama ramani, Kindu iko karibu digrii 2 na dakika 57 kusini mwa mstari wa ikweta, na Kasongo iko karibu digrii 4 na dakika 25. Tofauti yake ni digrii moja na nusu hivi. Kila digrii ya kwenda kaskazini ama kusini ni karibu kilometa 111, hivyo toka Kasongo kupanda Kindu unakwenda kilometa 163 upande wa kaskazini. Lakini Kindu haiko juu ya Kasongo sawasawa. Iko pia upande wa magharibi kwa kilometa 83 hivi. Mwanafunzi wa sekondari anayejua hesabu ya pembetatu atazidisha 163 kwa 163, atazidisha 83 kwa 83, atajumlisha, kisha atatafuta kipeo cha pili. Atapata kilometa 183. Wengi husema 185 kwa urahisi.

Barabara haiwezi kufuata mstari huo. Inazunguka mabonde, inatafuta mahali mto ulipo mwembamba, inapita vijijini ambako watu wanakaa. Ndiyo maana 185 inakuwa 240. Ukigawa 240 kwa 185 unapata 1.3. Hesabu hiyo inasaidia: mahali ambapo hujui urefu wa barabara, pima mstari kwenye ramani, kisha uzidishe kwa 1.3. Hautapata kilometa kamili, lakini hautadanganywa sana.

Rubani naye ana kipimo chake. Yeye hatumii kilometa, anatumia maili za angani, na maili moja ya namna hiyo ni kilometa 1.852. Ukisikia rubani akisema Kindu iko maili 100, usifikiri amefupisha njia. Maili 100 ni kilometa 185 zilezile.

Namna ya kuhesabu dakika za ndege

Ndege zinazotua kwenye viwanja vidogo vya udongo katika majimbo ya mashariki ni ndege za mapanga. Cessna Caravan yenye mota moja inakwenda karibu kilometa 300 kwa saa. LET 410 yenye mota mbili inakwenda karibu 350. Ndege kubwa za jeti, zile zinazounganisha miji mikubwa, zinafika 800 kwa saa na kupita, lakini zinahitaji uwanja mrefu na mgumu.

Hesabu yenyewe ni hii: gawa umbali kwa mwendo, kisha uongeze dakika 10 za kupanda juu, kushuka na kujipanga mbele ya uwanja.

Kwa Caravan: 185 gawanya kwa 300 ni dakika 37. Ongeza 10, unapata 47.
Kwa LET 410: 185 gawanya kwa 350 ni dakika 32. Ongeza 10, unapata 42.

Upepo unaweza kubadilisha jambo. Upepo wa kilometa 50 kwa saa ukipiga ndege usoni, Caravan itakuwa inakwenda 250 tu juu ya ardhi, na zile dakika 37 zinakuwa 44. Ukisukuma nyuma, zinakuwa 32. Ndiyo sababu kwenda na kurudi hakulingani hata kama ndege ni ileile na rubani ni yuleyule. Na wingu kubwa la mvua likikaa katikati ya njia, rubani anazunguka. Mzunguko mmoja unaweza kula dakika 15.

Dakika 45 zinazokula siku nzima

Kuna muda wa angani na kuna muda wa safari. Abiria hulipa kwa kufikiri ule wa kwanza, kisha anaishi ule wa pili.

Hesabu ya kweli inaanza nyumbani. Kuna mwendo wa kufika uwanjani. Kuna kupima mizigo, na mara nyingi abiria wa ndege ndogo hubebeshwa wenyewe kwenye mizani pamoja na mfuko wao, sababu ndege ya namna hiyo inahesabu kila kilo. Mizigo inayoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15 ama 20. Kuna kungojea ndege itoke ilikolala. Na kuna lile jibu ambalo kila mtu wa hapa analifahamu: “Ndege iko?” “Itakuya.” “Saa ngapi?” “Itakuya tu.”

Mara nyingi jibu hilo halitokani na uvivu wa mtu. Ndege ndogo nyingi zinaruka kwa macho: rubani anapaswa kuona ardhi na kuona uwanja. Uwanja usio na taa unafungwa jua likizama, na huku karibu na ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mvua ya usiku ikilowesha udongo, magurudumu yanaweza kuzama ama kuteleza, na lazima mtu aende kuutazama uwanja asubuhi mbele ya kumwambia rubani aje. Wakati wa mvua, mawingu makubwa huwa yanajikusanya mchana. Ndiyo maana marubani wanapenda kuruka mapema, na abiria anayechelewa asubuhi anaweza kupoteza siku yote.

Kuna pia swali la nani ana haki ya kupanda. Ndege za huduma ya anga ya Umoja wa Mataifa, zinazosimamiwa na PAM, zinabeba watumishi wa mashirika ya msaada na vitu vyao. Si ndege za biashara, na mtu wa kawaida hawezi kununua tiketi yake dirishani. Mkaaji anayeona ndege ikitua asifikiri kwamba nafasi ipo kwa ajili yake. Aulize kwanza ni ndege ya nani.

Kilometa 240 za barabara

Kwa wengi, barabara ndiyo njia yenyewe. Hapa kilometa hazisemi kitu kama hazifuatani na mwendo.

Moto ikienda kilometa 20 kwa saa, kilometa 240 ni masaa 12 ya kukaa juu ya kiti. Ikienda 15, ni masaa 16. Kati yake kuna kula, kuna kutengeneza gurudumu lililotoboka, kuna kungojea zamu ya kuvuka maji, kuna vizuizi. Masaa 12 hayo hayawezi kuingia katika siku moja isipokuwa wakati wa kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, udongo ukiwa mkavu na abiria akiwa ametoka alfajiri. Mwezi wa Novemba ama wa Machi, udongo ukiwa mwekundu na laini kama unga wa kukanda, hesabu hiyo inavunjika. Dereva anashuka, abiria anashuka, na wote wawili wanasukuma.

Lori lina shida nyingine. Uzito wake unakata barabara, na tope lililokatwa na lori la kwanza linashika lori la pili. Kwa hiyo lori haliwezi kuhesabiwa kwa masaa. Wafanyabiashara wanalihesabu kwa majuma, na wakati wa mvua kubwa wanaacha kuhesabu.

Wanaobeba kwa kinga wanajulikana kila mahali katika Maniema. Mtu anafunga madumu ya mafuta ya mawese ama mifuko ya mchele juu ya baiskeli, haipandi, anaisukuma. Akienda kilometa 40 kwa siku ni mwenye nguvu. Kwa kilometa 240 hiyo ni siku sita, bila kupumzika. Bei ya dumu la mawese Kindu ina siku hizo sita ndani yake, pamoja na chakula cha njiani, na pia safari ya kurudi na chumvi, sabuni na nguo.

Jambo moja zaidi: sehemu kubwa ya mji wa Kindu iko ng’ambo ya magharibi ya mto Lualaba, pamoja na uwanja wa ndege. Komuni ya Alunguli peke yake ndiyo iko ng’ambo ya mashariki. Anayefika kwa upande wa Alunguli anapaswa kuvuka mto kwa baki ama kwa mtumbwi. Akifika usiku atalala hapo. Anayetaka kuunganisha na ndege ya asubuhi ya kwenda Kinshasa, ahesabu usiku huo kuwa sehemu ya safari.

Mto na reli: kwa nini haziendi moja kwa moja

Mgeni anayetazama ramani huuliza: Kasongo iko karibu na Lualaba, Kindu iko juu ya Lualaba, na maji yanatelemka toka Kasongo kwenda Kindu. Kwa nini watu hawateremki na mtumbwi mpaka mwisho?

Jibu ni maporomoko. Chini ya Kongolo mto unapita katika mlango mwembamba wa mawe ambao Wabelgiji waliuita Portes d’Enfer, yaani Milango ya Jehanamu. Baada ya hapo, toka upande wa Kasongo mpaka Kibombo, mto unakubali vyombo kwa kilometa 100 hivi. Kisha mawe yanaanza tena, na maji hayatulii mpaka karibu na Kindu. Toka Kindu mpaka Ubundu mto unakubali tena kwa kilometa zaidi ya 300, halafu maporomoko mengine yanaufunga, na mtu anapaswa kupanda reli ya kilometa 125 ili afike Kisangani.

Reli ilijengwa kwa kuruka mawe hayo. Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902, na kufikia mwaka 1911 treni ilikuwa inakwenda toka Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355. Lakini reli hiyo ilipita ng’ambo ya magharibi ya mto, kwa Kibombo na Samba. Mji wa Kasongo, uliokuwa mkubwa katika biashara ya zamani, uliachwa ng’ambo ya pili. Mpaka leo, mkaaji wa Kasongo anayetaka treni ya SNCC anapaswa kwanza kuvuka Lualaba, kisha aulize kama treni iko. Treni haipiti kila siku, na anayengojea stesheni bila habari ya hakika anaweza kumaliza chakula chake mbele ya safari kuanza.

Na Kabambare?

Toka Kasongo mpaka Kabambare ni karibu kilometa 120 hewani, upande wa mashariki na kusini kidogo. Caravan ingeruka dakika 24, pamoja na zile 10 ni dakika 34. Ukizidisha 120 kwa 1.3 unapata kilometa 155 hivi za barabara. Hiyo ni makadirio, lakini inatosha kumwonyesha mtu kwamba safari ya “hapa tu” inaweza kumlaza njiani.

Mkaaji wa Kabambare anayehitaji karatasi ya jimbo ana hesabu mbili: afike Kasongo, kisha afike Kindu. Kwa mstari wa ndege, Kabambare na Kindu zimeachana kwa karibu kilometa 280. Kwa upande wa Salamabila, palipo mgodi wa dhahabu wa Namoya, watu wengi wanaona Kivu ya Kusini ama Tanganyika karibu kuliko mji mkuu wa jimbo lao wenyewe. Tangu mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa na Maniema ikawa jimbo lenye mji mkuu Kindu, karatasi zinapanda kaskazini, lakini bidhaa nyingi zinaendelea kufuata njia zao za zamani za mashariki.

Zamani walihesabu siku

Njia hizo za mashariki zina umri. Mbele ya ndege na mbele ya reli, watu hawakuuliza kilometa. Waliuliza makambi: utalala mara ngapi?

Mwaka 1870 mskoti David Livingstone alikaa miezi mingi mahali alipopaita Bambarre, ambapo wanahistoria wanapatambua kuwa Kabambare. Vidonda vya miguu vilimfunga hapo toka Julai mpaka Februari ya mwaka 1871. Aliondoka katikati ya Februari, akafika Nyangwe kwenye Lualaba mwisho wa Machi. Kati ya Kabambare na Nyangwe kuna kilometa karibu 175 kwa mstari wa ndege. Alitumia majuma sita. Ndege ndogo ya leo ingetumia dakika 45, yaani muda uleule wa Kasongo na Kindu.

Kasongo yenyewe ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka hapa kwenda Ujiji, Tabora na pwani kwa miezi mingi. Wengi waliobeba mizigo hiyo hawakurudi. Hesabu ya umbali inaeleza pia jambo moja la lugha. Toka Kasongo mpaka Zanzibar ni karibu kilometa 1,400 hewani. Toka Kasongo mpaka Kinshasa ni karibu 1,240. Tofauti ni kilometa 160 tu. Si ajabu kwamba Kiswahili kilifika Kasongo kwa miguu mbele ya Kifaransa na Kilingala.

Kindu–Kinshasa: saa moja inayopotea na kurudi

Wengi wanaokwenda Kindu hawaishii hapo. Wanatafuta ndege ya Kinshasa. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilometa 1,170 hivi hewani. Jeti inakwenda karibu masaa mawili, ndege ya mapanga yenye mwendo wa kilometa 450 inakaribia masaa matatu.

Tiketi inachanganya watu. Imeandikwa kwamba ndege inatoka Kindu saa 10:00 na kufika Kinshasa saa 11:00. Abiria anafurahi: saa moja tu! Siku ya kurudi imeandikwa kutoka Kinshasa 10:00, kufika Kindu 13:00. Analalamika kwamba ndege ya kurudi ni mzee. Hapana. Safari zote mbili ni masaa mawili. Maniema inafuata saa ya mashariki ya inchi, na Kinshasa inafuata saa ya magharibi, iliyo nyuma kwa saa moja. Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali penyewe. Kindu ikiwa saa nne asubuhi, Kinshasa bado ni saa tatu. Anayepiga simu kwa ndugu amfuate uwanjani akumbuke hilo.

Umbali huo unafanana sana na ule wa miji miwili mikubwa ya Asia, Delhi na Mumbai huko India. Hewani ni karibu kilometa 1,150, na ndege inakwenda karibu masaa mawili vilevile. Lakini mhindi asiye na pesa ya ndege anapanda treni ya haraka jioni, na asubuhi ya pili, baada ya masaa 16 hivi, ameshuka. Toka Kindu mpaka Kinshasa, asiye na pesa ya ndege hana treni ya moja kwa moja wala barabara ya kuhesabika kwa masaa. Hewani miji yetu haiko mbali kuliko ya wengine. Kinachorefusha safari ni kukosa njia ya pili.

Jambo hilo lilionekana mwanzoni mwa mwaka 2025. Vita ilipofika Goma kisha Bukavu, ndege za kawaida za abiria zilisimama katika viwanja vya Goma na Kavumu. Toka Kindu mpaka Goma ni kilometa 395 hivi hewani, kazi ya saa moja na nusu kwa ndege ndogo. Kilometa hazikubadilika hata moja. Safari ndiyo ilibadilika.

Umbali na mgonjwa

Hapa ndipo hesabu inakuwa nzito. Mama mwenye uchungu uliokwama, mtoto asiyepumua vizuri, mtu aliyevunjika mfupa kwa ajali ya moto: hawa hawawezi kungojea uwanja ukauke.

Kasongo ina historia katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Matibabu ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ulijenga mpango wa vituo vya afya vilivyo karibu na watu, vikishirikiana na hospitali moja ya kupeleka wagonjwa wazito. Mawazo yake yalisomwa mbali sana na Maniema. Msingi wake ni rahisi: mgonjwa haponi kwa dawa iliyo mahali asipoweza kufika.

Kwa hiyo familia isianze na swali la “Kindu ama Bukavu?” Ianze na kituo kilicho karibu, na hospitali ya karibu. Muuguzi akisema mgonjwa apelekwe, aulizwe wazi: anaweza kukaa juu ya moto masaa 12? Kama jibu ni hapana, safari ya siku mbili kwa barabara inaweza kuwa mbaya kuliko kutibiwa pale alipo na kutuma mtu kuleta kinachokosekana. Kwa mama mjamzito mwenye hatari iliyojulikana mapema, dawa ya umbali ni kusogea karibu na hospitali majuma kadhaa mbele ya kuzaa, wakati bado anatembea. Safari hiyo ya kilometa chache kwa mchana ina faida kuliko ndege inayotafutwa usiku.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

– Ndege ni ya nani, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kupanda?
– Siku iliyosemwa ni ya hakika, ama inategemea idadi ya abiria?
– Ndege isipokuja, pesa zinarudishwa? Karatasi ya malipo iko?
– Mizigo ni kilo ngapi, na kila kilo ya juu ni bei gani?
– Inakwenda moja kwa moja, ama inatua mahali pengine kwanza? Kila kutua kunaongeza nusu saa ama zaidi.
– Kama kuna ndege ya pili ya kuunganisha Kindu, kuna usiku mmoja katikati? Usiunganishe ndege mbili siku moja kama huna lazima.
– Mama mjamzito ama mgonjwa: shirika linaomba karatasi ya daktari?
– Kwa moto: dereva amepita njia hiyo juma hili? Habari ya mwezi uliopita haifai wakati wa mvua.

Umbali wa hewani toka Kasongo

Hesabu hizi ni za mji kwa mji, kwa mstari ulionyooka. Dakika ni za ndege ya kilometa 300 kwa saa, pamoja na zile 10 za kupanda na kushuka. Hazina maana kwamba ndege iko kwenye kila njia. Zinasaidia kulinganisha tu.

– Kibombo: kilometa 100, dakika 30
– Kongolo: kilometa 115, dakika 33
– Kabambare: kilometa 120, dakika 34
– Kindu: kilometa 185, dakika 47
– Bukavu: kilometa 325, saa moja na dakika 15
– Kalemie: kilometa 325, saa moja na dakika 15
– Goma: kilometa 415, saa moja na dakika 33
– Kisangani: kilometa 570, masaa mawili na dakika 4
– Lubumbashi: kilometa 805, masaa mawili na dakika 51
– Kinshasa: kilometa 1,240, masaa manne na dakika 18

Mkaaji anayeikata orodha hii na kuiweka mfukoni atakuwa na jibu siku mtu akimwambia Kindu ni hapa tu. Kwa kunguru, ndiyo, ni hapa tu. Kwa mama aliyebebwa nyuma ya moto mwezi wa Novemba, aulizwe dereva aliyepita jana.